Fundi Ajibu: Kuivika boti ya mbao faiba na epoksi

Maswali ya safari hii yametoka Arusha na Moshi, na yote yanazunguka kazi moja: kuivika boti ya mbao kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) kwa epoksi, yaani gundi ya sehemu mbili: rezini na hadina yake ya kuigandisha. Tumeyapanga jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kuanzia dukani hadi kwenye rangi. Neno moja tulitangulize kwa sababu linagusa kila jibu: faiba haiokoi mbao mbovu. Kitambaa na epoksi vinailinda mbao nzuri isikwaruzwe na isinywe maji. Mbao iliyoloa au iliyoanza kuoza ukiifunika, umeifungia maradhi ndani.

Nina boti ya kasia ya plaiwudi ya milimita 6, urefu mita 4.2, upana mita 1.2, kimo cha ubavu sentimita 40. Nitaitumia Ziwa Duluti. Ninunue kitambaa mita ngapi na epoksi kilo ngapi? Muuzaji ameniambia kilo tatu zinatosha.
*Msomaji, Tengeru*

Kilo tatu zitakuishia kabla hujamaliza upande wa nje. Tupige hesabu. Chini ya boti, tukichukua upana wa wastani wa sentimita 90, ni karibu mita za mraba 3.8. Ubavu mmoja ni mita 4.2 kwa 0.4, kwa hiyo pande zote mbili ni kama 3.4. Ukiongeza ubao wa nyuma unafika mita za mraba 7.5, na ndani ni karibu hivyohivyo.

Kitambaa chukua cha kusuka, cha gramu 200 kwa mita ya mraba. Kwa boti ya kasia hicho kinatosha kabisa. Kizito zaidi kinakunywesha epoksi nyingi na kukuongezea kilo za kubeba kila siku. Roli likiwa na upana wa sentimita 127, vipande viwili vya mita 4.5 vinatosha: kimoja kwa kila upande, kuanzia kwenye mkuku (uti wa chini wa boti) hadi ukingo wa juu. Vipandiane sentimita 5 juu ya mkuku, ili sehemu inayoburuzwa ufukweni ipate tabaka mbili. Ubao wa nyuma utaufunika kwa mabaki. Roli la mita moja litakubana, kwa sababu kutoka mkuku hadi ukingoni katikati ya boti una karibu sentimita 95 kabla hata ya kuhesabu kupandiana.

Sasa epoksi. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la kupaka, wa kuziba mbao unakula kama gramu 120 kwa mita ya mraba, yaani gramu 900 kwa upande wa nje. Kulowesha kitambaa cha gramu 200 kunakula gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, na ukihesabu mapandiano ni karibu kilo 1.9. Mikono miwili ya kujaza nyuzi, gramu 120 kila mmoja, ni kilo 1.8. Hapo nje pekee umefika kilo 4.6. Ndani, bila kitambaa, mikono mitatu ni kama kilo 2.6. Mishono yote, yaani mkuku, kona mbili za chini na ubao wa nyuma, ina urefu wa kama mita 15. Pati ya kona (epoksi iliyokazwa kwa unga wa mbao) na mikanda ya faiba, ndani na nje, itakula kilo 2 au zaidi kidogo. Jumla ni kilo 9.3. Halafu kuna inayobaki vikombeni, kwenye rola na kwenye brashi, ambayo haipungui asilimia 15. Nunua kilo 11 za rezini na hadina zikiwa pamoja.

Kabla hujatoa pesa, soma lebo ujue uwiano unasemwa kwa uzito au kwa ujazo. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Hadina ni nyepesi kuliko rezini, hivyo epoksi ya vikombe viwili kwa kimoja kwa ujazo huwa karibu gramu 100 kwa gramu 44 au 45 kwa uzito. Mtu anayeweka 100 kwa 50 kwenye mzani, akidhani mbili kwa moja ni ileile, amezidisha hadina, na boti itabaki laini kama mpira. Kwa epoksi ya 100 kwa 44, kilo zako 11 ni rezini kilo 7.6 na hadina kilo 3.4. Mzani wa jikoni wa betri unaosoma gramu moja moja unafaa sana. Uvike mfuko wa plastiki usichafuke.

Mimi ni seremala, sijawahi kugusa faiba. Mteja ameniletea boti ya plaiwudi ambayo mishono yake imeshagandishwa. Naomba hatua, na hasa mahali watu wanapokosea.
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Anza kwa kuiuliza plaiwudi yenyewe. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi yanaita "marine board" ule ubao wa kahawia unaong'aa, uliotengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Uso wake una filamu iliyowekwa makusudi ili kitu kisishike, na epoksi nayo haitashika. Kama mteja ametumia huo, filamu yote lazima iondoke kwa msasa namba 60 hadi uone nyuzi za mbao. Tena chukua kipande kilichobaki, ukichemshe saa moja, ukikaushe, ukichemshe tena. Kikiachana matabaka, mwambie mteja ukweli leo, kabla hajanunua epoksi.

Mbao iwe kavu. Unyevu usizidi asilimia 12. Kama huna kipimo, boti ikae chini ya paa lenye upepo wiki mbili au tatu bila kuguswa na mvua. Katikati ya masika usianze.

Kisha randa na msasa. Kona zote za nje zivunjwe ziwe na mviringo wa milimita 6 hadi 10. Kitambaa hakikubali kukunjwa kwenye kona kali: kinainuka, hewa inaingia chini yake, na pale pale ndipo jiwe la kwanza litakapotoboa. Mashimo ya misumari na nyufa zijaze kwa pati ya epoksi. Pati unaitengeneza kwa kuongeza kwenye epoksi iliyokwisha kuchanganywa unga laini wa mbao, ule unaotoka kwenye mashine ya msasa, si takataka za msumeno. Ya kujazia mashimo iwe kama uji mzito. Ya kona za ndani iwe kama ugali laini, isimame kwenye mwiko bila kudondoka.

Pima, changanya, koroga dakika mbili kamili huku ukikwangua ukuta na kitako cha kikombe. Halafu mimina kwenye kikombe cha pili ukoroge tena kidogo. Hicho kikombe cha pili usikidharau. Rezini iliyobaki kwenye ukuta wa kikombe cha kwanza bila kuchanganyika ndiyo inayoacha madoa yasiyoganda katikati ya kazi nzuri.

Paka mkono wa kuziba kwa rola fupi ya sponji, mwembamba. Wacha ugande, osha kwa maji, kausha, piga msasa namba 80 hadi mng'ao uishe. Sasa tandaza kitambaa kikiwa kikavu juu ya boti iliyopinduliwa. Kilainishe kwa brashi kavu, kutoka katikati kuelekea omo (mbele) na tezi (nyuma), hadi kilale bila mkunjo. Usikivute kwa nguvu. Ukikivuta nyuzi zinakwenda upande na mkunjo unahamia mahali pengine.

Changanya gramu 300, si zaidi. Mimina kidogo kidogo katikati ya chini ya boti na sambaza kwa kadi ngumu ya plastiki iliyoinamishwa, ukiigusa kwa mkono mwepesi. Ubavuni tumia rola au brashi, kwa sababu utakayomimina itakimbilia sakafuni. Ipe epoksi dakika kadhaa izame, kisha pita tena na kadi kuondoa iliyozidi. Jicho lako ndilo kipimo. Kitambaa kilichokunywa vizuri hupotea, ukaona mbao moja kwa moja kama unatazama kupitia kioo, ila alama ya msuko inaonekana kwa juu. Penye weupe kuna njaa ya epoksi, ongeza. Pakiwa na mng'ao wa dimbwi, kitambaa kinaelea, kwangua. Watu wengi wanaogopa njaa na kusahau mafuriko. Ukija kupiga msasa penye kitambaa kilichoelea utazikata nyuzi zilizonyanyuka, na nguvu yote imo kwenye nyuzi.

Baada ya saa kadhaa, epoksi ikiwa kama ngozi ya kiatu, si majimaji wala si ngumu, pitisha wembe mkali kwenye kingo. Kipindi hicho kinakata kama karatasi. Ukikiacha kipite utahitaji gurudumu la kukatia na utameza vumbi bure.

Mkono wa kujaza nyuzi unaufuatisha siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, wakati kucha bado inaacha alama. Kwa njia hiyo matabaka yanaungana kuwa kitu kimoja na hupigi msasa katikati. Ikishakuwa ngumu kabisa, lazima uoshe na upige msasa tena kabla ya kuendelea.

Nilipaka mkono wa kwanza jioni, mwezi wa saba. Asubuhi juu palikuwa na utelezi kama mafuta. Nikapiga msasa, msasa ukajaa. Mkono wa pili ukajikusanya ukaacha matundu. Epoksi ni feki?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Hatudhani. Maelezo yako ni ya epoksi iliyoganda kwenye baridi na unyevu. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na usiku wa Juni hadi Agosti kipimo kinaweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13. Kwa baridi hiyo mmenyuko unakwenda taratibu mno, na hadina iliyoko juu inapata muda wa kushikana na unyevu na hewa ya ukaa badala ya kushikana na rezini. Kinachotokea ni utando unaoteleza kama nta.

Habari njema ni kwamba utando huo unayeyuka kwa maji. Osha kwa maji ya uvuguvugu na dodoki la plastiki la kusugulia sufuria, badilisha maji mara kwa mara, kausha kwa kitambaa safi. Baada ya hapo ndipo upige msasa. Ulichokosea ni mpangilio: msasa uliotangulia maji uliusukuma utando ndani ya mikwaruzo, na epoksi ya pili ikakataa kukaa. Thina nayo haisaidii hapa, inausambaza tu. Mkono wa pili uliojikusanya ukwangue, osha, piga msasa, rudia.

Safari ijayo anza saa nne asubuhi, jua likishaondoa umande, ili epoksi iwe imeshashika kabla ya jioni. Tumia hadina ya haraka, siyo ile ya mazingira ya joto. Angalia bati la paa lako pia. Mabati ya Arusha hutona alfajiri, na tone moja kwenye epoksi mbichi linaacha doa jeupe. Tandika turubai chini ya bati, juu ya boti, na acha balbu kubwa ya zile za kizamani ikiwaka ndani yake, mbali na vumbi na kitambaa. Jiko la mkaa usiingize kabisa, wala la mafuta ya taa au gesi. Linaongeza mvuke na hewa ya ukaa, vitu vilevile vinavyoleta ule utando, na mtu aliyejifungia na mkaa chini ya turubai anaweza asitoke.

Rezini yako ikiwa nzito kama asali, iweke kopo lake kwenye beseni la maji ya kuoga kwa nusu saa. Ikiwa imegeuka nyeupe na chengachenga, nayo imeganda kama asali inavyoganda. Pasha kwenye maji ya moto zaidi, nyuzi 50 hadi 60, kifuniko kikiwa kimelegezwa, hadi iwe safi kama kioo. Haijaharibika. Ila usiichanganye na thina ili iwe nyepesi. Thina ikishanaswa ndani, epoksi inakuwa dhaifu na inaacha vijinjia vya kupitisha maji.

Kwangu tatizo ni kinyume. Natandaza vizuri, baada ya nusu saa mapovu yanatokea chini ya kitambaa, hata pale nilipokwisha kuyakamua. Nafanya kazi saa tano asubuhi, uani.
*Msomaji, Pasua, Moshi*

Mbao inapumua. Saa tano Moshi jua linapanda, plaiwudi inapata moto, hewa iliyo ndani ya vinyweleo vyake inatanuka na kutafuta njia ya kutoka. Njia ni epoksi yako mbichi. Ukikamua povu moja, mbao inatuma lingine.

Geuza saa. Ianike boti kivulini ipate joto la mchana, kisha anza kupaka saa tisa au saa kumi alasiri, joto linapoanza kushuka. Sasa hewa ya ndani inasinyaa na mbao inaivuta epoksi iingie, jambo ambalo ndilo unalolitaka. Usipake kwenye jua la moja kwa moja hata siku moja. Na mkono wa kuziba, ule wa kabla ya kitambaa, ukiachwa ugande kwanza, unapunguza tatizo hili sana.

Atakayelinganisha jibu hili na la Njiro ataona tumemwambia mmoja aanze asubuhi na mwingine alasiri. Ni sawa. Moshi ya Januari na Arusha ya Julai ni karakana mbili tofauti. Arusha kwenye baridi, mkono wa kuziba ulioganda ndio utakaokukinga na mapovu ya asubuhi, na boti ikae kivulini muda wote.

Kwa mapovu yaliyokwisha kuganda: yaliyo madogo kama punje ya mtama yaache, mikono ya kujaza itayafunika. Lililo kubwa kama shilingi likate kwa wembe, piga msasa kuzunguka kwa sentimita 5, weka kiraka cha kitambaa.

Nilichanganya nusu kilo, nikaenda kuita msaidizi. Niliporudi kikombe kilikuwa kinatoa moshi na kimeyeyuka. Kwa nini?
*Msomaji, Himo*

Epoksi haikauki kama rangi. Inaganda kwa mmenyuko, na mmenyuko huo unatoa joto. Ikiwa kwenye kikombe kirefu, joto halina pa kutokea, linaharakisha mmenyuko, nao unazalisha joto zaidi. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinapunguza muda wako karibu nusu. Changanya kidogo, na ukimaliza kukoroga mimina yote kwenye sinia bapa au moja kwa moja juu ya boti. Kikombe kikianza kupata moto mkononi, kitoe nje ukiweke juu ya mchanga, mbali na randa na vumbi la mbao. Usivute ule moshi.

Na kwa kuwa ni mmenyuko, kuongeza hadina hakuharakishi kazi. Kila sehemu ya hadina inahitaji sehemu yake ya rezini, na inayokosa mwenzake inabaki laini humo ndani maisha yote.

Fundi wa bampa za magari anasema rezini yake ni ileile na ni rahisi zaidi. Pia ana mati. Nitumie?
*Msomaji, Unga Limited, Arusha*

Yake ni poliesta, inayoganda kwa hadina kidogo sana, gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Kwa bampa, matenki na boti zilizotengenezwa kwa faiba tupu kutoka kwenye kalibu, ni nzuri. Juu ya mbao inashika vibaya. Mbao inavimba na kusinyaa, poliesta haifuati, na baada ya misimu michache ganda linabanduka likiwa zima kama gome la mti. Katikati ya ganda na mbao maji yanakaa, na mbao inaoza bila wewe kuona.

Mati ile ya nyuzi zilizotawanyika usiitumie na epoksi. Nyuzi zake zimeshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta, na epoksi haiiyeyushi. Itabaki ngumu na nyeupe, haitakunja kona, na itakunywa epoksi maradufu. Epoksi inataka kitambaa cha kusuka.

Ukiamua kuendelea na poliesta kwa kazi nyingine, linda macho. Hadina yake inaweza kupofusha. Na isigusane kamwe na kile kimiminika cha zambarau cha kuharakishia kabla hakijachanganywa ndani ya rezini: vikikutana vyenyewe vinaweza kulipuka.

Tunatengeneza mitumbwi ya mbao za kuunga kwa wavuvi wa Nyumba ya Mungu. Inavuja kila mwaka na kalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba, imetuchosha. Tukiivika faiba yote kwa nje, itaacha kuvuja?
*Wasomaji, Moshi Vijijini*

Itaacha kwa muda mfupi, kisha itavuja mahali ambapo hamtaweza kupaona. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu pesa ya epoksi kwa chombo kama hicho ni kubwa, na mvuvi hana ya kupoteza.

Chombo cha mbao za kuunga kimejengwa kiwe na mwendo. Mbao zinavimba majini na kubana pamba ya kalafati, zinasinyaa zikianikwa ufukweni. Mwendo huo kwenye mshono mmoja unaweza kufika milimita moja au mbili, na kitambaa cha gramu 200 kilichoganda hakivutiki kiasi hicho. Kinapasuka juu ya mshono kwa mstari ulionyooka. Maji yanaingia, yanabaki nyuma ya faiba, na mbao ambayo zamani ilikuwa inakauka kila jioni sasa haikauki tena. Isitoshe, mbao iliyokaa majini miaka mingi, yenye mafuta au lami ndani ya vinyweleo, epoksi haishiki hata ukiipiga msasa.

Chombo cha zamani kirudishieni kalafati: toeni pamba yote kuukuu badala ya kuongeza juu yake, badilisheni misumari iliyoliwa na kutu, na ubao uliooza utoke wote. Kama mteja anataka faiba, jengeni kipya kwa plaiwudi, ambayo matabaka yake yamepishana na haiendi upande. Mkuku na kingo ziwe za mbao ngumu. Zikiwa za mtiki au mvule, mbao zenye mafuta yake ya asili, futeni kwa asetoni na kitambaa safi na mbandike ndani ya dakika 15, kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Mikono yangu inawasha na kope zinavimba kila nikishika epoksi. Nanawa kwa thina lakini inazidi.
*Msomaji, Kiboriloni, Moshi*

Acha thina leo. Inayeyusha epoksi na kuipeleka ndani ya ngozi. Unachoeleza ni dalili za mwili kuanza kuikataa epoksi, na hali hiyo ikishajengeka haiondoki: utakuja kuwashwa hata kwa kuingia kwenye chumba chenye kopo wazi. Muone daktari na umwambie unashika nini.

Kwa wengine wote: glovu za nitraili, jozi mpya kila zinapochafuka, na mikono mirefu. Ikikugusa, futa, kisha osha kwa sabuni na maji. Vumbi la epoksi ya jana ni baya zaidi kuliko epoksi yenyewe, maana bado haijamaliza kuganda. Subiri siku kadhaa kabla ya msasa mkubwa, vaa barakoa ya vumbi inayobana, na tumia msasa wa maji pale inapowezekana.

Boti imetoka inang'aa, mbao inapendeza. Naweza kuiacha bila rangi? Na skrubu za vishikio vya makasia naweka lini?
*Msomaji, Usa River*

Usiiache. Jua linaila epoksi: kwanza inakuwa ya njano, kisha inatoa unga, kisha nyuzi zinabaki wazi. Ukipenda mbao ionekane, tumia vanishi ya nje yenye kinga ya jua, mikono minne au mitano, na uirudie kila mwaka. Rangi ni salama zaidi. Ipe epoksi wiki nzima imalize kuganda, osha, piga msasa namba 180, halafu praima na rangi ya poliyurethani ya sehemu mbili, ya aina wanayopiga kwenye magari. Rangi ya mafuta ya kawaida wakati mwingine inagoma kukauka juu ya epoksi changa, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye sehemu ndogo ya ndani, siku tatu. Chagua nyeupe au rangi nyingine ya mwanga. Epoksi inayoganda bila tanuri huanza kulegea ikifika nyuzi 50 au 60, na boti nyeusi juani inafika huko bila shida.

Skrubu ziwekwe kabla ya rangi. Toboa tundu lenye upana mara mbili ya skrubu, bila kutokea upande wa pili. Lipake epoksi tupu ndani, lijaze pati nzito, lisubiri ligande, kisha toboa tena katikati kwa kipimo cha skrubu yenyewe. Hivyo uzi wa skrubu unakaa ndani ya epoksi na haugusi mbao. Fanya hivyo kwa kila tundu, hata la pete ndogo ya kufungia kamba kwenye omo. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Vishikio vya makasia vinavutwa maelfu ya mara, kwa hiyo chini yake, upande wa ndani, bandika kipande cha plaiwudi cha sentimita 10 kwa 15 kabla hujatoboa.